Bendera Imepanda, Ufunguo Uko kwa Nani?

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya Kongo kupata uhuru kutoka kwa Ubelgiji, Jenerali Émile Janssens alisimama mbele ya askari wake mjini Léopoldville (leo Kinshasa), akashika chaki, akaandika ubaoni: kabla ya uhuru = baada ya uhuru. Jeshi lake, Force Publique, lilikuwa na watu karibu 25,000, na hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Maofisa wote walikuwa Wabelgiji. Askari walikuwa wameanza kunung'unika kwamba uhuru umewapita kando: wanasiasa wamepata viti, makarani wanangojea vyeo, wao wamebaki na amri zilezile kutoka midomoni mwa watu walewale. Jenerali alidhani hesabu yake ya ubaoni ingewanyamazisha.

Usiku huohuo uasi ukaanza, ukashika kambi ya Thysville, ukaenea. Wiki moja haikutimia kabla wanajeshi wa Ubelgiji hawajaingia tena nchini na jimbo la Katanga halijajitangaza kuwa nchi yake.

Janssens hutajwa siku zote kuwa mfano wa kiburi, na kiburi kilikuwepo kweli. Mimi namwona pia kuwa mtu aliyesema kweli bila kukusudia. Alichoandika kilikuwa hali halisi ya mambo siku ile. Bendera ilikuwa mpya, wimbo ulikuwa mpya, lakini ufunguo wa ghala la silaha ulikuwa mfukoni mwa yuleyule wa jana.

Swali la ufunguo ndilo linalofanya mada hii isumbue, iwe tunazungumzia dola au mtu mmoja anayetaka kuendesha maisha yake. Watu hubishana usiku kucha kama nchi fulani iko huru kweli, au kama binti aliyehama kwa wazazi huku kodi ya chumba ikilipwa na wazazi anajitegemea. Kila mmoja ana hoja, na mara nyingi kila mmoja anazungumzia kitu kingine kabisa.

Neno moja, mambo manne

Tuanze na neno lenyewe. Uhuru linatokana na Kiarabu, hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Asili yake ni hali ya mtu, ndipo baadaye likapanda ngazi hadi kwa taifa. Kwa hiyo anayedhani kwamba uhuru wa mtu binafsi ni nakala ndogo ya uhuru wa nchi ameshika mambo kichwa chini: nchi ndizo zilizoazima neno kwa watu.

Kando ya uhuru kuna madaraka, jamhuri na kujitegemea, na historia ya Afrika Mashariki inaonyesha wazi kwamba hayo si mapambo ya kalenda. Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963: serikali ya ndani ikawa mikononi mwa Wakenya, ila ulinzi na mambo ya nje vikabaki kwa Mwingereza. Uhuru ukaja 12 Desemba mwaka huohuo, lakini Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa dola mpaka jamhuri ilipotangazwa 12 Desemba 1964. Tanganyika ilipita njia hiyohiyo: madaraka ya ndani Mei 1961, uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962. Kisha, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha likisema kwa sauti kwamba kujitegemea bado ni kazi iliyo mbele. Miaka zaidi ya mitano baada ya bendera kupanda!

Wengine hawana hata siku moja ya kusherehekea kwa jina hilo. Ukimuuliza Mkanada nchi yake ilipata uhuru lini, mpe muda afikiri. Shirikisho liliundwa 1867, Bunge la Uingereza likakubali mwaka 1931 kuacha kuitungia Kanada sheria bila ridhaa yake, na mamlaka ya kubadilisha katiba hayakuhamia rasmi Kanada mpaka 1982. Ni sawa na kijana ambaye hakuna aliyeona siku alipokuwa mtu mzima. Siku moja tu watu walimtazama wakakuta tayari.

Katika maisha ya mtu ngazi hizi zipo pia, ingawa hazina tarehe. Kuna kipindi unaruhusiwa kuchagua nguo na marafiki, lakini fedha na safari vinaamuliwa na mwingine. Hayo ni madaraka. Kuna siku sheria inakutambua kuwa mtu mzima. Huo ni uhuru kwenye karatasi. Kuna wakati unaacha kujiuliza "wazazi watasemaje" kabla ya kuamua, na wengine hufika miaka 50 bila kuufikia. Na kuna kujitegemea, neno ambalo ukilitazama kwa makini lina kichekesho ndani yake: kutegemea ni kuegemea, basi kujitegemea ni kujiegemea mwenyewe. Jaribu kusimama hivyo kwa saa moja.

Methali zetu nazo hazikubaliani juu ya jambo hili. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, tunaambiwa. Lakini pia: mtegemea nundu haachi kunona. Nadhani waliotunga zote mbili walikuwa wameishi vya kutosha.

"Hujawa tayari"

Kulinganisha taifa na mtu kuna hatari yake, na ni heri niitaje mapema. Walioupenda mlinganisho huu kuliko wote walikuwa wakoloni. Kwao koloni lilikuwa mtoto, na wao walikuwa wazazi. Mkataba wa Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1919, katika kifungu cha 22, ulizungumzia watu ambao bado hawawezi kusimama wenyewe katika mazingira magumu ya ulimwengu wa kisasa, ukawaweka chini ya ulezi wa mataifa "yaliyoendelea". Kwa njia hiyo Tanganyika ilitoka mikononi mwa Wajerumani ikaingia mikononi mwa Waingereza, na Ruanda-Urundi ikakabidhiwa Ubelgiji. Hakuna mahali palipoandikwa mtihani huo wa kusimama una maswali gani, wala alama za kufaulu ni ngapi. Msahihishaji alikuwa ndiye anayefaidika mwanafunzi akifeli.

Jibu rasmi lilikuja tarehe 14 Desemba 1960, pale Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha Azimio namba 1514 kwa kura 89, bila kura ya kupinga, nchi 9 zikijizuia kupiga kura. Aya yake ya tatu ni fupi na kali: upungufu wa maandalizi ya kisiasa, kiuchumi, kijamii au kielimu usifanywe kamwe kisingizio cha kuchelewesha uhuru. Ukiisoma huku ukikumbuka ubao wa Janssens miezi mitano kabla yake, unaelewa ilikuwa inamlenga nani. Ni kweli Kongo haikuandaliwa. Lakini asiyetaka kuandaa ofisa hata mmoja kwa miaka zaidi ya 70 hawezi kulalamika kwamba jeshi halina maofisa.

Maneno hayohayo, hujawa tayari, huwakuta watu binafsi. Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Mmarekani Ed Roberts. Polio ilimpata mwaka 1953 akiwa na miaka 14, ikamwacha amepooza kuanzia shingoni kwenda chini, na usiku akilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Shule yake ya sekondari karibu imnyime cheti kwa sababu hakuwa amesoma udereva wala kufanya mazoezi ya viungo. Soma sentensi hiyo tena. Idara ya jimbo la California iliyohusika na kuwasaidia watu wenye ulemavu kurudi kazini ilimwona kuwa ana ulemavu mkubwa mno, kwamba hawezi kuajirika. Mwaka 1962 akaingia Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, na kwa kuwa hapakuwa na bweni linaloweza kubeba uzito wa mashine yake, akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Wanafunzi wengine wenye ulemavu mkubwa wakamfuata humo, wakaanza kujipangia mambo wenyewe. Mwaka 1972 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha kituo cha kwanza cha harakati za kuishi kwa uhuru, kinachoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa idara ileile iliyosema haajiriki.

Kituko hicho cha mwisho ndicho watu hupenda kukisimulia. Kwangu mimi kilicho muhimu zaidi kipo katikati. Roberts hakuweza kuvaa shati mwenyewe, hakuweza kula mwenyewe, na usiku hakuweza hata kupumua mwenyewe. Kwa kipimo cha kawaida cha kujitegemea angepata sifuri. Yeye na wenzake wakabadilisha kipimo. Walisema: suala si nani anayenivalisha shati, suala ni nani anayeamua navaa shati gani, saa ngapi, na kama msaidizi ananidharau, nani mwenye uwezo wa kumwachisha kazi. Katika taasisi za matunzo, mlezi ndiye aliyepanga saa ya kuamka, saa ya kuoga, saa ya kuzima taa. Katika harakati hizi mpya, msaidizi ni yuleyule na kazi ni ileile, ila amri imebadilika upande. Tegemeo limebaki pale pale, lakini ufunguo umehama mfuko.

Ukishaelewa hilo, mabishano mengi hupoa. Kwa mfano, Visiwa vya Cook vina serikali yake tangu 1965 lakini watu wake ni raia wa New Zealand, na New Zealand hushughulika na ulinzi wao. Wako huru? Azimio la Umoja wa Mataifa namba 1541, lililopitishwa siku moja baada ya lile la 1514, liliruhusu njia tatu za kutoka katika ukoloni: kuwa dola kamili, kushirikiana kwa hiari na dola nyingine, au kujiunga nayo. Sharti lilikuwa kwamba watu wenyewe wachague kwa hiari. Katika njia ya pili waliongezewa haki ya kubadili mawazo baadaye. Haki hiyo ya kubadili mawazo nadhani ndiyo kiini cha yote. Tegemeo unaloweza kuliacha ni mpango. Usiloweza kuliacha ni kifungo, hata likiwa la upendo.

Bei ya kusema hapana

Basi kipimo kinakuwa hiki: unaweza kusema hapana, kisha kesho ukaamka bado uko hai? Historia ya mataifa imejaa watu waliopanga makusudi jibu liwe hapana-huwezi.

Haiti ndiyo kesi mbaya kuliko zote. Watumwa wa Saint-Domingue, kama Haiti ilivyoitwa ilipokuwa koloni la Ufaransa, waliwashinda wanajeshi wa Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines akatangaza uhuru. Mwaka 1825 Ufaransa ikarudi, na manowari 14 nyuma ya mjumbe wake, ikatoa sharti: tutawatambua, lakini mtulipe faranga milioni 150, fidia ya waliopoteza mashamba. Katika hesabu ya mali iliyopotea walikuwamo watumwa wenyewe. Yaani watu walitakiwa kuwalipa waliowamiliki kwa kosa la kuacha kumilikiwa. Haiti haikuwa na fedha ya awamu ya kwanza, ikakopa milioni 30 kutoka mabenki ya Paris. Mabenki yakakata milioni 6 juu kwa juu kabla fedha haijatoka. Jumla ilipunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838, lakini mikopo iliyozaliwa na deni hilo haikumalizwa mpaka 1947.

Kila familia ina toleo dogo la mkataba huo. Mtoto anapotaka kuchagua mchumba au kazi isiyopendwa, daftari hufunguliwa: karo niliyolipa, usiku niliokesha, fedha niliyouza mali kuipata. Sisemi malezi hayana deni. Shukrani ni deni la halali, na anayelikana ni mtu wa ajabu. Lakini shukrani haina tarehe ya mwisho wala riba, na haidaiwi mlangoni mtu anapotoka.

Guinea ilikataa bei kabla ya kuambiwa ni kiasi gani. Mwaka 1958 Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, alizunguka makoloni yake ya Afrika akiomba yapige kura ya kubaki ndani ya Jumuiya ya Kifaransa. Mjini Conakry kiongozi wa Guinea, Sékou Touré, alimwambia usoni kwamba wanapendelea umaskini ndani ya uhuru kuliko utajiri ndani ya utumwa. Tarehe 28 Septemba zaidi ya asilimia 95 ya wapiga kura wa Guinea walisema hapana, na tarehe 2 Oktoba nchi ikawa huru. Wafaransa wakaondoka kwa hasira, misaada ikakatwa, watumishi na mafundi wakaitwa nyumbani, na inasimuliwa kwamba hata simu ziling'olewa ukutani. Ujumbe haukuwa kwa Guinea pekee. Ulikuwa kwa wengine wote waliokuwa wakitazama.

Tanzania ilipimwa kwa namna nyingine. Desemba 1965, kufuatia Uingereza kushindwa kuuzima utawala wa walowezi wa Rhodesia (leo Zimbabwe) waliojitangazia uhuru, Nyerere alivunja uhusiano wa kibalozi na London. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukazuiliwa. Kwa nchi maskini lilikuwa pigo, na ninaamini miezi ile ilichangia sana yale yaliyoandikwa Arusha mwaka 1967. Mtu hujua thamani halisi ya kujitegemea siku anapopokea bili ya hapana yake.

Kuna pia tegemeo lisilopiga kelele. Faranga ya CFA ilianzishwa Desemba 1945, na leo nchi 14 za Afrika hutumia sarafu za jina hilo. Kwa miongo mingi nchi hizo zilitakiwa kuweka sehemu kubwa ya akiba yao ya fedha za kigeni katika hazina ya Ufaransa, ili Ufaransa idhamini thamani ya sarafu. Wapo wachumi wanaoitetea, wakisema iliwaepusha na mfumuko wa bei uliowatafuna majirani, na hoja yao ina uzito. Lakini Januari 1994 thamani ya faranga hiyo ilikatwa nusu kwa siku moja: faranga moja ya Kifaransa iliyokuwa ikinunuliwa kwa 50 za CFA sasa ilitaka 100. Aliyelala na akiba aliamka na nusu yake. Mali ilikuwa imejitoa humo mwaka 1962 ikaunda sarafu yake, mambo yakaenda kombo, na mwaka 1984 ikawa imerudi kikamilifu. Sioni aibu katika hilo. Watu wazima wengi wamewahi kurudi kuishi kwa wazazi, na tofauti kati ya kurudi kwa kuchagua na kutoondoka kabisa ni kubwa kuliko inavyoonekana kutoka barabarani.

Nyuma ya mlango uliofungwa

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, 14 kati yake kutoka Ufaransa. Sasa tazama hili: mwanamke aliyeolewa huko Ufaransa kwenyewe alisubiri hadi sheria ya Julai 1965 ndipo akapata haki ya kufungua akaunti ya benki kwa jina lake na kufanya kazi bila ridhaa ya mumewe. Senegali ilitangulia mke wa Paris kwa miaka mitano. Huko Uswisi, sheria iliyomfanya mume kuwa kichwa cha familia haikuondolewa mpaka 1988.

Ndiyo maana nasema mfano wa mtoto na mzazi hautufai sana. Mfano unaofaa ni wa ndoa ya watu wazima wawili ambamo mmoja ameshika kila kitu. Mtazame mwanamke mwenye shahada na kazi nzuri. Mshahara wake unaingia kwenye akaunti ambayo namba yake ya siri ameishika mume. Asubuhi anahesabiwa nauli kamili ya kwenda na kurudi. Jioni anatoa risiti mfukoni kabla hajaulizwa, kwa sababu amejifunza kwamba kuulizwa ni kubaya zaidi. Pasipoti yake iko kwenye droo iliyofungwa. Hajapigwa hata siku moja, na akisimulia kwa jamaa anaambiwa ana mume anayejali. Uingereza ilichelewa hadi mwaka 2015 kuandika sheria inayouita mwenendo wa namna hii kosa la jinai, yaani udhibiti wa mwenzi hata pasipo kipigo, na adhabu yake ni hadi miaka mitano jela.

Wanaume nao hukutwa na hali hiyo, na wazee zaidi ya tunavyokubali kusema. Mzee mwenye pensheni yake, ambaye kadi yake ya benki "inatunzwa" na mwanawe, ni koloni dogo lenye mtu mmoja.

Wanaowasaidia watu kama hao husema jambo ambalo Guinea ilijifunza kwa gharama: hatari huongezeka wakati wa kuondoka na muda mfupi baada yake. Aliyekuwa akidhibiti kwa maneno anaweza kugeukia nguvu anapoona ufunguo unamponyoka. Kwa hiyo swali la majirani, "mbona haondoki tu?", halimsaidii mtu. Anayeondoka vizuri mara nyingi alianza miezi mingi nyuma, kimyakimya: nakala ya vyeti kwa rafiki, kiasi kidogo cha fedha mahali pasipojulikana, namba za simu mbili tatu alizozikariri kichwani.

Norway ilifanya hivyo kwa kiwango cha taifa, ingawa kwa amani kubwa. Ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Uswidi tangu 1814, lakini ilikuwa na katiba yake, bunge lake, na meli nyingi za biashara zilizosambaa duniani. Ugomvi uliovunja muungano ulikuwa juu ya kitu kinachoonekana kidogo: Wanorwe walitaka mabalozi wadogo wao wenyewe katika bandari za nje, badala ya kuhudumiwa na wa Uswidi. Mfalme akakataa sheria hiyo, na Juni 1905 bunge likatangaza muungano umekwisha. Oktoba Uswidi ilikuwa imekubali. Hakuna vita, kwa sababu siku ya kuondoka hapakuwa na kitu kikubwa kilichobaki kuundwa.

Singapore ilikuwa kinyume chake. Haikuomba. Tarehe 9 Agosti 1965 ilitolewa katika Malaysia, na waziri mkuu wake, Lee Kuan Yew, alilia mbele ya kamera za televisheni. Kisiwa chenye watu wasiozidi milioni mbili, kikinywa maji yanayokuja kwa bomba kutoka Johor, upande wa pili wa mpaka mpya. Haki ya kuchota maji hayo kwa mkataba wa 1962 inaisha mwaka 2061. Singapore ingeweza kukata tamaa au kujigamba. Ilichofanya ni kuhesabu milango. Ikajenga mabwawa ya mvua ndani ya kisiwa, na mwaka 2003 ikaanza kutumia maji machafu yaliyosafishwa upya hadi kunyweka, kisha mwaka 2005 ikafungua kiwanda cha kutoa chumvi katika maji ya bahari. Maji ya Johor bado inayanunua. Ila kila mlango mpya uliofunguliwa ulimpunguzia nguvu aliyeshika bomba la kwanza, hata kama hakuna aliyefunga koki.

Nikiulizwa na kijana aanzie wapi, ningemwambia habari ya mabomba hayo kabla ya kumwambia habari ya kukata uhusiano. Mwenye chanzo kimoja cha kipato, mtu mmoja wa kumwambia siri na mahali pamoja pa kulala huwa mnyonge kwa yeyote anayeshika hicho kimoja, hata awe malaika.

Na kuna jambo moja linalopinga picha ya shujaa aliyesimama peke yake. Katikati ya miaka ya 1950 mtafiti Mary Ainsworth aliketi na familia 26 karibu na Kampala, Uganda, akitazama watoto wachanga na mama zao. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake hutambaa mbali, hugeuka kumtazama, hurudi kidogo, kisha huenda mbali zaidi. Mtoto mwenye wasiwasi kama mama atakuwepo ndiye aliyeng'ang'ania magotini. Yaani walioegemea vizuri ndio waliothubutu kwenda.

Hapana ya nani?

Nirudi Guinea, kwa sababu hadithi yake haikuishia kwenye simu zilizong'olewa. Touré, aliyemwambia de Gaulle hapana, alijenga nchi ambamo hakuna aliyeweza kumwambia yeye hapana. Maelfu waliingia Kambi Boiro, gereza la wafungwa wa kisiasa mjini Conakry. Mmoja wao alikuwa Diallo Telli, katibu mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwanadiplomasia aliyeipigania Guinea mpya katika Umoja wa Mataifa. Alikufa humo mwaka 1977, kwa kunyimwa chakula na maji. Ufunguo ulikuwa umetoka mfukoni mwa Mfaransa, na haukufika kwa raia.

Hata Norway, yenye utengano msafi kuliko wote ninaoujua, ina ukurasa wake. Kura ya maoni ya Agosti 1905 juu ya kuvunja muungano ilitoa matokeo yanayotajwa mpaka leo: 368,208 waliunga mkono, 184 walipinga. Ni umoja wa ajabu. Ila waliohesabiwa walikuwa wanaume peke yao. Wanawake walikataa kukaa pembeni, wakazunguka nchi nzima na karatasi zao, wakakusanya sahihi zaidi ya 240,000 za kuunga mkono uhuru wa nchi ambayo haikuwaruhusu kuupigia kura. Bunge lilizipokea karatasi hizo. Haki ya wanawake wote kupiga kura ya taifa walisubiri hadi 1913.